Kilichokuwa Chini ya Mdomo wa Eirill

Torunn Bakkejord amesafisha meno ya watoto wa Sortland, mji mdogo wa kaskazini kwenye theluji, kwa muda mrefu hata baadhi ya waliolia kwenye kiti chake sasa wanamletea wana wao. Mkono wake mwepesi, mdomo wake mkali. Kila mwaka huenda shuleni kuzungumza na vijana: pigeni mswaki kabla ya kulala, msitoke nyumbani na njaa, na huo ugoro wa vifuko mnaoubana chini ya mdomo, uacheni kabla haujawala fizi.

Safari moja kijana akamuuliza, "Kwani wa kwako nyumbani anakusikiliza?"

"Eirill? Yule akinusa ugoro tu anapiga chafya."

Darasa zima likaangua kicheko. Torunn naye akacheka, akidhani amewafurahisha.

Eirill, bintiye wa miaka kumi na mitano, alikuwa golikipa wa timu ya mpira wa mikono. Kliniki haikuruhusu mtu kumtibu mwanawe, kwa hiyo meno yake yalitazamwa na Wenche, mwenzake Torunn wa chumba cha pili. Mchana mmoja wa Februari Wenche akachungulia mlangoni.

"Shoga, njoo mara moja."

"Kuna nini? Ametoboka jino?"

"Afadhali angetoboka. Mwenyewe amekubali uone."

Wenche akauinua mdomo wa juu wa Eirill. Nyama ya ndani ilikuwa nyeupe, imejikunja kama ngozi iliyolowa kutwa nzima, na fizi imerudi juu hadi mzizi wa jino unaonekana. Picha kama hiyo Torunn alikuwa akiwaonyesha watoto wa watu kila mwaka. Akamtazama bintiye usoni kama aliyeletewa mtoto asiyemjua.

Walipoingia garini ndipo akaanza kumhoji.

"Nani anakupa? Wasichana wa timu?"

"Mama, acha."

"Nampigia kocha sasa hivi!"

"Ni babu."

Torunn nusura aliingize gari mtaroni. Babu huyo ni Asbjørn, baba yake mzazi, mvuvi mstaafu aliyekaa nyumba ya jirani. Akaingia kwake na viatu vya theluji miguuni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu azaliwe.

"Baba! Unampa mtoto ugoro?"

Mzee akaweka kikombe chini. "Alikuwa anatetemeka kabla ya mechi, maskini. Nikampa kimoja kimtulize. Mimi nimebana tangu utotoni, nimekufa?"

"Si mechi tu, babu," Eirill akasema mlangoni. "Nikiamka tu nakitaka. Kinaniondolea njaa, ndiyo maana asubuhi sili. Na usingizi siupati."

"Lakini nilikupa kimoja!"

"Vingine nilikuwa nachukua kwenye koti lako."

Asbjørn akaligeukia koti lake ukutani. "Kumbe ni wewe?" akasema taratibu. "Kila nikivihesabu vimepungua, na mimi nilidhani ni uzee, akili zinaniishia. Nimelala na hofu hiyo majira yote ya baridi."

Hakuna aliyecheka.

Torunn alijiandaa kuhubiri, akagundua hana mahubiri ambayo binti huyu hajayasikia. Kesho yake akabeba mkate na jibini ya kahawia hadi meza ya baba yake, wakala watatu kabla ya shule. Ikawa hivyo kila asubuhi. Simu zikahamia jikoni usiku, usingizi upate nafasi. Mzee akatangaza kwamba na yeye anaacha. Torunn hakumwamini hata chembe, lakini aliacha, akawa mkali kuliko mtoto, anamtukana hata msomaji wa habari redioni. Eirill alilia, akautupa mkate ukutani. Kabla ya mechi na timu ya Harstad alishindwa kujizuia, akabana tena. Safari hii yeye mwenyewe alimwambia mama yake, kabla hajaulizwa. Torunn akamkumbatia.

Kufika kiangazi Eirill alikuwa anaamka na njaa na kulala mapema. Kabla ya mechi hutafuna tofaa na kuzunguka uwanja mpaka moyo utulie.

Fizi haikurudi, wala haitarudi. Binti akicheka, jicho la Torunn hukimbilia pale lenyewe, na kila mara hushtuka upya.

"Mama," Eirill humwambia, "nitazame machoni, bwana."