Jicho la Kushoto Punguza

Jirani yangu hapa mjini, Mafiga, anajenga ukuta, na tangu Jumatatu nyumba yangu nzima inanuka saruji mbichi. Wengine wakisikia harufu hiyo hufikiria maendeleo. Mimi hunirudisha Mgeta, nina miaka minane, nimejibanza nyuma ya magugu, namchunguza Fundi Mbaraka kama polisi.

Niwaambieni ukweli, nilikuwa mtoto wa kushuku. Nililelewa na Bibi, mama wa mama yangu, na kwetu mlimani mgeni asiyekuja kununua kabichi lazima aeleze amefuata nini. Fundi Mbaraka hakununua hata karoti. Alikuja na mifuko ya saruji, akawaomba wazee ule mteremko wenye matuta ya mkoloni, yale ya ngazi ngazi ambayo watu walilazimishwa kuyachimba zamani, na baadaye hakuna aliyetaka hata kuyapalilia. Akasema atatengeneza bustani ya sanamu pale, watu waje kutazama. Kutazama nini? Mjomba alisema huyo anatafuta shamba kwa ujanja. Wengine waliuliza inakuwaje mtu anaswali swala tano halafu anafinyanga sanamu. "Lisemwalo lipo," Mjomba alipenda kumalizia, "kama halipo laja."

Kisha sanamu zikaanza kuota. Mzee na jembe begani, kijana ameinama, mama na mtoto mgongoni, wote wa kijivu, wamesimama kwenye matuta kimya. Shuleni tulishakata shauri kwamba ni misukule, wale watu tunaoambiwa wamekufa kumbe mchawi amewachukua wakamlimie. Tulipita pale mbio, tumeziba pua, kwa sababu ambayo hakuna aliyeijua.

Sasa basi, mchana mmoja Bibi alimaliza kujaza kabichi kwenye viroba, akajifunga kanga yake nzuri, akasema, "Nakwenda kumpa Fundi sura."

Kumpa sura! Alisema kama mtu anayempelekea jirani chumvi.

Alikwenda siku hiyo na siku zilizofuata, na kila jioni aliporudi nilimkagua. Pua ipo. Masikio yapo. Lakini mashavu, wallahi, yalikuwa yanapungua. Kanga iliyokuwa ikimzunguka mara moja na kidogo sasa ilimzunguka karibu mara mbili, na uji aliuacha nusu kikombe. Kule kwenye matuta nako sanamu mpya ya mwanamke ilikuwa inanenepa. Jambo lile halikuhitaji mwalimu.

Nikamfuata, nikajibanza nyuma ya magugu. Bibi alikuwa amekaa juu ya jiwe, amefumba macho, anasema polepole, "Mdomo upanue kidogo. Hapo hapo. Jicho la kushoto punguza. Punguza tena." Fundi akawa anakwangua kwa kijiko. Bibi yangu alikuwa anagawa uso wake kipande kwa kipande, na jicho la kushoto lilikuwa linakwenda mbele ya macho yangu! Jioni ile moshi wa kuni ulimwingia, akalifumba jicho lile lile. Sikula.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Fundi aliposhuka msikitini, mimi nikapanda matuta. Uso wa sanamu, uliopakwa saruji mpya asubuhi ile, ulikuwa bado mbichi chini ya gunia lililoloweshwa. Nililifunua, nikaukwangua kwa vidole vyote kumi kutoka kwenye paji hadi kidevuni, huku nalia, nasema, "Mrudishe! Mrudishe!" Kisha nikakimbia.

Bibi hakuhitaji mpelelezi. Saruji ilikuwa imekauka kwenye kucha zangu, na ngozi ilikuwa inawaka. Aliniosha, akanipaka mafuta ya mgando kidole kimoja kimoja, ndipo akauliza, "Kwa nini?"

"Anakumaliza, Bibi. Wewe unakonda, ile sanamu inajaa."

Alicheka mpaka akakohoa, akakohoa muda mrefu mno. "Simenti hainimalizi mie, mjukuu wangu," alisema, akijifuta macho kwa pembe ya kanga. "Ungeuliza. Kuuliza si ujinga." Hakusema kinachommaliza, nami hata hapo sikuuliza.

Fundi alikuja asubuhi amenuna, yuko tayari kuanza upya. Bibi alimwambia, "Iache hivyo hivyo, Fundi. Nguvu za kuanza tena sina. Na aliyeifuta alikuwa ananilinda."

Alifariki kabla ya masika kwisha. Msibani Mjomba alikuwa anawasimulia wageni, wala hakujua kwamba mimi niliyekaa mkekani nilikuwa nasikia jambo jipya. Sura ile haikuwa ya Bibi. Ilikuwa ya mama yake, aliyelazimishwa kuchimba matuta yale, akafa bila kupigwa picha hata moja. Bibi ndiye aliyekuwa amebaki peke yake anayeikumbuka, na alipojua ugonjwa wake hauponi, akataka kuiacha mahali. Nilikuwa na miaka minane na nilielewa nusu. Nusu nyingine imenijia ukubwani, na inauma zaidi.

Mwaka huu nilipanda tena. Siku hizi kuna kijana anayetembeza wageni. Alisimama mbele ya yule mama asiye na uso, akaeleza kwa ufasaha kwamba msanii alimwacha hivyo makusudi, awe badala ya wote waliosahauliwa. Wageni wakaitikia kwa vichwa, wakapiga picha. Walipoondoka niliweka vidole vyangu kwenye ile mikwaruzo kumi. Haviingii tena.

Siku zote zile nilichunguza, nikasikiliza, nikashuku, na swali moja tu lingetosha. Basi mkipita pale, mjue ninachokijua mimi: mdomo wake ulikuwa mpana, na jicho lake la kushoto lilikuwa dogo kuliko la kulia. Mengine Bibi aliyasema kabla sijafika kwenye magugu.