Mkate wa Kuku Katika Nyumba ya Cucu

Harufu ya mafuta ya kondoo yanapoanza kutoa moshi, ikichanganyika na harufu ya mkate uliokaushwa juu ya makaa, niliinusa kwa pua yangu mwenyewe, nami ningali naikumbuka. Naanza na hilo kwa sababu nalijua. Yako mengine mengi niliyoyasikia kuhusu miaka ile ya Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni kule Embu, na watu wa rika langu huyasimulia kwa uhakika ambao hawakuwa nao siku yenyewe. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Nimeishi muda wa kutosha kuona mengi yaliyosemwa ambayo hayakuwapo wala hayajaja hadi leo. Kwa hiyo sitaeleza baba yangu alitendwa nini katika kambi ya kizuizini, maana sikuwako, na yeye hakunisimulia. Nitaeleza alivyorudi, alivyokaa, na kile ambacho mama alimpikia alasiri moja, maana hayo niliyaona nikiwa na umri wa miaka tisa, nimechuchumaa kando ya mafiga.

Kijiji chetu kilikuwa juu kidogo ya Manyatta, mahali ambapo ukungu wa asubuhi huchelewa kuondoka. Hakikuwa kijiji alichozaliwa mtu yeyote. Tulihamishiwa pale kwa amri, tukajenga vibanda kwa safu, tukazungushiwa handaki lenye vijiti vilivyochongwa. Nalijua handaki hilo kwa sababu mama alikuwa miongoni mwa wanawake waliolichimba, na viganja vyake vilikuwa vigumu kama kwato. Firimbi ya homgadi, yaani wale askari wa kijiji waliotulinda na kutuchunga kwa pamoja, ililia alfajiri, wanawake wakaenda kuchimba. Ililia tena saa nane mchana, wakapewa muda wa kutafuta chakula, kuni na maji. Saa kumi ililia mara ya tatu, na lango likafungwa. Muda huo mfupi wa alasiri ndio uliobeba nyumba nzima. Mwanamke aliyeutumia vibaya, watoto wake walilala na njaa. Shule yetu ilikuwa imefungwa, kwa hiyo mchana kutwa nilibaki kibandani na bibi yangu mzaa baba, ambaye kwa Kiembu tulimwita cucu.

Kabla ya miaka hiyo baba alikuwa mpishi wa afisa mmoja Mzungu wa kilimo mjini Embu. Kila Jumamosi alipokuja nyumbani alimsimulia mama mapishi ya wiki nzima, kama wengine wanavyosimulia vita. Chakula alichojivunia kuliko vyote kilikuwa mkate wa kuku: kuku aliyevikwa chenga za mkate na kukaangwa hadi akatoa mlio kinywani, akachanwachanwa, akachanganywa na majani mabichi na sosi ya mayai, kisha akalazwa kati ya vipande viwili vya mkate. Afisa yule alikibeba chakula hicho akienda safari za Siakago na Kiambere, kwenye jua kali. Baba hakuwahi kukipika nyumbani, wala kukila popote. Katika nyumba ya cucu mwanamume aliyetahiriwa hakula kuku. Kuku alikuwa wa wanawake na watoto, na hata wao hawakuruhusiwa kumpika ndani ya chungu cha cucu. Baba alituambia kwamba kazini alionja kwa ncha ya ulimi, akatema, akajua chumvi imekolea au la.

Alikamatwa katika msako wa askari wa serikali, akakaa kambini misimu minne ya mvua. Siku aliyorudi niliiona. Aliingia adhuhuri, akainamisha kichwa mbele ya cucu, akaketi juu ya kitanda cha fito, akanyamaza. Mama alimpa githeri, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, akaisogeza kando. Alimpa viazi, ndizi, maharagwe yaliyopondwa; vyote alivitazama kama mtu anayetazama mizigo ya wengine. Uji aliupiga mafunda matatu kwa siku, hakuzidisha. Wala hakusema neno hata moja. Zilipita siku kumi na tisa za namna hiyo, nilizihesabu. Mifupa ya mabega yake ilianza kuonekana kupitia shati. Majirani walisema amerogwa, wengine wakasema alilishwa kitu kambini, na kila aliyesema aliapa. Mhudumu wa zahanati, tuliyemwita dresa, alikuja akampima, akatoka nje na mama. Nilikuwa mlangoni. Alisema, "Mama Njeru, huyu hana homa wala kifua. Mlishe. Asipokula, wiki ijayo msiniite mimi. Waiteni wenye majembe."

Mama hakulia. Alirudi ndani, akasimama mbele ya cucu, akasema, "Kama hataki chakula chetu, atakula chake."

"Chake kipi?"

"Cha kazini."

Cucu alichukua muda kuelewa, na alipoelewa alipiga paja lake kwa kofi. "Ndege? Mwanangu ale ndege, kama paka?"

"Mama, paka wote wa kijiji hiki wako hai."

Sijasikia, kabla ya siku ile wala baada yake, mama akimjibu mama mkwe wake namna hiyo. Cucu aligeuza uso ukutani. Lakini hakusema hapana, na mama alilichukua hilo kama ruhusa.

Siku ya soko ilipofika, aliutumia muda wake wote wa alasiri kwenda Manyatta na kurudi, nami nikiwa pamoja naye, kiondo cha maharagwe mgongoni. Pale alikuwa akisimamisha lori lake mfanyabiashara mmoja Mwislamu wa Meru mjini, Bwana Idrisa, mtu mwenye ndevu nyekundu za hina na ulimi mwepesi. Mama alimwomba mkate mzima, chupa ya mafuta ya ufuta, vitunguu na ndimu mbili.

"Mkate mzima, mama? Kuna harusi handakini?"

"Kuna mume nyumbani."

"Hao ndio walaji wakubwa."

"Huyu hali."

Bwana Idrisa aliacha kucheka. Alichukua maharagwe, akampa vitu alivyotaka, kisha akaongeza ndimu ya tatu. Usiku ule tulilala bila chakula cha maana, na hakuna aliyenung'unika.

Kesho yake, kabla ya firimbi ya alfajiri, mama alimchinja kuku wake pekee, jike lililokuwa likitaga. Alimweka katika sufuria ya bati, si katika chungu, akaniagiza nilinde moto. "Njeru, maji yakipungua, ongeza. Moto ukizima, nitakutafuta." Nililinda moto ule kuanzia alfajiri hadi saa nane, kwa maana jike la kutaga lina nyama ngumu kama ukaidi. Baba alikuwa amelala upande wa pili wa kibanda, uso wake ukielekea kwetu, macho yamefumbwa. Firimbi ilipolia, mama aliingia na udongo hadi magotini, akanawa, akaanza.

Hapa lazima niseme jambo ambalo halimpunguzii mama heshima. Kuhusu chakula hicho alikuwa na habari za kusikia tu. Hakuwahi kukiona kikitengenezwa. Alikijua kwa maneno ya Jumamosi za zamani. Alikausha ncha za mkate juu ya makaa, akanipa nizitwange kwenye kinu. Cucu alishindwa kuvumilia. "Chakula kimeshapikwa na Mhindi mwoka mikate wa mjini, kimeiva, nanyi mnakirudisha kinuni! Kesho mtakipanda shambani." Mama alivingirisha vipande vya kuku katika yai, kisha katika chenga. Ndipo alipogundua kwamba hana mafuta ya kukaangia. Ya ufuta yalikuwa ya sosi, na hayakutosha kwa yote mawili. Alisimama mikono ikiwa imejaa chenga, akakitazama kibuyu kidogo kilichoning'inia juu ya kitanda cha cucu. Humo mlikuwa na mafuta ya kondoo, aliyoyahifadhi kwa dawa ya viungo vyake na kwa kumpaka mtoto ambaye angezaliwa katika ukoo. Hakuna aliyekigusa kibuyu kile. Mama hakuomba. Cucu aliinuka mwenyewe, akakishusha, akamkabidhi, akasema, "Usinishukuru. Bado ni ndege."

Mafuta yalipopata moto, kuku aliimba. Siwezi kutumia neno jingine. Vipande vilitoka vikiwa na rangi ya udongo wa Embu baada ya mvua, na nilipokipiga kimoja kwa ukucha kilitoa sauti kama gome kavu. Lakini sosi ilimshinda. Alipasua mayai, akabakisha viini, akamimina mafuta ya ufuta kwa pupa, kwa sababu jua lilikuwa linakwenda na saa kumi haimsubiri mtu. Alikoroga kwa nguvu zote za mikono iliyochimba handaki. Sosi ikakatika, mafuta yakakaa juu, yai likakaa chini, kama wagomvi waliolazimishwa kuketi pamoja. Alijaribu tena kwa kiini kingine, ikakatika tena. Kilibaki kiini kimoja. Nilimtazama baba, nikaona macho yake yamefunguka, nayo yalikuwa kwenye bakuli.

Mama hakumwona. Aliliacha bakuli, akachukua kabichi aliyokuwa ameikatakata, akainua kifuniko cha sufuria ya maji yaliyochemka. Hakuna mwanamke wa kwetu aliyempa mtu majani mabichi; majani mabichi ni ya mbuzi. Simulizi zote za baba zilisema majani yawe mabichi, lakini mkono una mazoea yake, hausikilizi simulizi. Alikuwa ameshainamisha sinia juu ya mvuke.

"Usichemshe."

Sauti ilikuwa nyembamba, imekwaruzika kama mlango usiofunguliwa kwa muda mrefu. Mama aliganda. Cucu alishika kifua. Baba alijiinua kwa kushikilia ukuta, akaja hadi mekoni hatua kwa hatua, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Alichukua sinia, akaiweka chini. Akalivuta bakuli, akamwaga kilichoharibika ndani ya kikombe, akapangusa bakuli kwa kona ya shati, akatia kile kiini cha mwisho.

"Unamimina kama unayezima moto," alimwambia mama. "Tone. Kisha tone."

"Saa kumi inakaribia, Baba Njeru."

"Sosi haina saa."

Haba na haba hujaza kibaba. Methali hiyo naikubali, kwa kuwa niliiona ikitendeka. Tone kwa tone, sosi ikawa nzito, ya manjano, inayong'aa. Ndipo akairudisha ile iliyokatika, kijiko baada ya kijiko, nayo ikakubali kupona. Alikamua ndimu. Aliikata upya kabichi, nyembamba kama nyuzi, kwa kisu ambacho mama alidhani ni butu. Alimchanachana kuku, akahakikisha kila kipande kimebaki na gome lake. Alichanganya, akapanga, akakata mkate pembe kwa pembe, akaiweka mikate juu ya kifuniko cha sufuria, akafuta ukingo kwa kidole. Kisha akafanya jambo lililotutisha. Alimsogezea mama kifuniko, akarudi nyuma nusu hatua, akasimama wima, mikono nyuma, kama mtumishi mbele ya meza ya bwana wake, akangoja.

"Kaa ule," mama alisema.

Hakukaa.

"Sikukipika kwa ajili yangu. Kaa ule."

Alitikisa kichwa. Nadhani alimtazama mama yake, lakini nilikuwa nyuma yake, kwa hiyo siwezi kuthibitisha. Ninachojua ni kwamba chakula kilibaki katikati yetu, na nje nilisikia wanawake wakiharakisha na mitungi kuelekea langoni. Mama alikuwa ametumia kuku wake, maharagwe yake na alasiri mbili, na mtu aliyemfanyia hayo alikuwa amesimama kama nguzo.

Cucu ndiye aliyenyoosha mkono. Mwanamke yule, aliyezeeka bila kuruhusu unyoya uguse chungu chake, alichukua kipande, akakikagua pande zote mbili, akauma. Meno yake yalikuwa machache, lakini nilisikia gome la kuku likivunjika. Alitafuna muda mrefu, akameza.

"Ni ndege tu," alisema. "Hajaniua. Kaa chini, mwanangu, nimekukubalia mimi niliyekuzaa."

Baba alikaa.

Leo naishi Meru mjini, na mkate wa kuku unauzwa kila pembe. Wajukuu wangu huununua umefungwa katika karatasi, wakaula wakitembea, wakaacha maganda ya pembeni, kisha wakasema wameshiba. Siwalaumu, mtu hawezi kukumbuka njaa ambayo hakuwa nayo. Lakini sijamwona hata mmoja wao akikipa chakula alasiri nzima ya maisha yake, wala sijaona mpishi wa mjini akiingoja sosi. Katika ukoo wetu, hadithi ya siku ile imeota miguu. Wako wanaosema mama aliharibu sosi makusudi ili amwamshe mumewe. Wako wanaosema ni mafuta ya cucu yaliyomponya, na wengine kwamba baba aliimba. Hakuimba. Kuhusu makusudi ya mama, sikumwuliza, naye alikufa bila kunieleza. Sitamwekea maneno kinywani. Na kama ni chakula kile kilichomrudisha kwetu, au ni siku zenyewe zilizokuwa zimetimia, hilo halikuonekana kwa macho, kwa hiyo silithibitishi.

Nathibitisha haya: kabla ya firimbi ya saa kumi, baba yangu alikula vipande viwili, pamoja na maganda yake, akatafuna, akameza, akaukunja uso, akamwambia mama kwamba chumvi imepungua.