Sauti Alizoziandika Mwanvua

Mwanvua alikuwa na duka la kuchapa barua na kutoa fotokopi karibu na soko la Kasongo. Watu walimpelekea kazi kwa sababu alichapa haraka na hakukosea majina. Ndiyo maana Blaise, mpiga video za harusi, alimletea filamu yake ya kwanza, hadithi fupi ya mke anayemngoja mumewe arudi kutoka machimboni. Ingeonyeshwa katika ukumbi wa parokia, na chama cha walemavu cha mjini kilikuwa kimeomba iwe na maandishi chini ya picha, ili wasiosikia nao waifuate.

Kazi ilimchukua siku nne. Maneno ya waigizaji hayakumsumbua. Penye muziki aliandika "muziki", penye mlio mwingine wowote akaandika "kelele". Kisha akamwita kaka yake mkubwa, Kassimu, aijaribu.

Kassimu alikuwa fundi viatu. Miaka saba nyuma alichimba dhahabu Salamabila, hadi baruti ilipolipuka kabla ya wakati. Alitoka shimoni akiwa na viungo vyake vyote, ila hasikii tena. Yeye aliongea kwa mdomo, kwa sauti kubwa kupita kiasi. Wengine walimjibu kwa kumwandikia kwenye simu.

Aliitazama filamu mpaka mwisho. Halafu akaomba arudishiwe pale mwanamke anapofunga mlango.

"Hapa iko muziki," alisema. "Muziki gani?"

Mwanvua akamwandikia kwamba ni wa huzuni.

"Usiniambie nihuzunike. Hiyo nitajua mwenyewe. Niambie ni nini inalia."

Mwanvua akasikiliza upya. Lilikuwa gitaa moja, likipigwa polepole. Akaandika hivyo. Walipofika kwenye sehemu yenye mashine ya kusaga mawe, Kassimu alimweleza kwamba ile haipigi kelele tu: hukohoa mara mbili tatu, ndipo inaponguruma, na ikikutana na jiwe gumu sauti yake hubanwa. Alieleza kwa muda mrefu. Tangu arudi nyumbani hakuwahi kuyazungumzia machimbo. Mwanvua akarudi kusikiliza, na kukohoa huko kulikuwepo kweli, ingawa mara ya kwanza hakuwa amegundua.

Blaise alilalamika kwamba watu watasoma badala ya kutazama, kwa hiyo wakapunguza maneno. Walibishana mahali pamoja tu, karibu na mwisho, ambapo pikipiki inasikika bila kuonekana na mwanamke anainua kichwa. Blaise alitaka paandikwe "Mume amefika". Mwanvua alikataa, akisema kwamba hata mwenye masikio hapo hajajua ni nani. Akaandika "Pikipiki inazimwa nje".

Filamu ilionyeshwa Jumapili mchana, madirisha ya ukumbi yakiwa yamezibwa kwa vitenge. Jenereta iliyokuwa nyuma ya ukuta ilivuma kiasi kwamba hakuna aliyesikia vizuri. Watu wa viti vya nyuma wakaanza kusoma maandishi, na waliojua kusoma wakawasomea majirani zao. Ilipofika pikipiki, ukumbi mzima uliijua kwa kusomewa. Mama mmoja aliuliza ni nani aliyefika. Hakujibiwa, maana hakuna aliyejua bado.

Wiki moja baadaye Kassimu alikuja dukani. Binti yake, Djamila, alikuwa na miaka sita. Alizaliwa baada ya ajali.

"Niandikie sauti ya mutoto," alisema. "Kama ulivyoandika zile za filamu."

Mwanvua alikwenda kwake, akakaa na mtoto mchana mzima, akamwacha aseme anayotaka. Aliandika na kufuta mara nyingi. Mwishowe akampa Kassimu simu: "Nyembamba, inakwaruza kidogo. Akiuliza kitu, inapanda mwishoni."

Kassimu alisoma mara mbili.

"Inakwaruza. Anagonjwa?"

"Hapana, yaya," Mwanvua akamwandikia kaka yake. "Ndivyo alivyo."

Hakuridhika. Asubuhi yake alimpeleka mtoto kwenye kituo cha afya. Muuguzi akamwangalia koo kwa tochi, akamwandikia baba kwenye kipande cha karatasi kwamba halina kitu. Wakarudi nyumbani kwa miguu, Djamila akiongea njia nzima.