Bibi wa Kwenye Kigoda

Dominika wa Kilema alianza kutengeneza picha za magamba ya migomba baada ya kuumia mgongo, jembe lilipomshinda. Alikusanya magamba makavu kihambani kwake, katika shamba la migomba linalozunguka nyumba, akayakata kwa wembe na kuyabandika ubaoni kwa gundi. Alitengeneza twiga, tembo na mlima wenye theluji, kama wenzake wote waliowauzia wageni mjini Moshi. Mikono yake ilikuwa hodari, lakini alijua fika kwamba twiga wake na twiga wa jirani walikuwa watoto wa tumbo moja.

Binti yake Pamela alipomwachia simu yake ya zamani, Dominika aliingia Instagram, na humo akamkuta Stella wa Tarakea. Stella naye alifanya kazi ya magamba, ila kwake hapakuwa na twiga hata mmoja. Palikuwa na mgongo wa mwanamke anayepalilia. Palikuwa na visigino vilivyopasuka, vimetulia juu ya kizingiti. Na palikuwa na bibi ameketi kwenye kigoda, mkono wa kushoto umekunjwa kifuani kama mtu anayeficha kitu chake. Dominika aliitazama picha ile mpaka uji ukaungua.

Akamwandikia: "Dada, sikujua kisigino nacho ni picha."

"Basi tazama vyako," Stella akamjibu.

Wakaanza kuandikiana. Stella hakuwa mchoyo. Alimfundisha kuloweka magamba na kuyapiga pasi ya mkaa mpaka yapate rangi ya kahawa iliyokaangwa, tena alimfundisha kuacha mahali patupu bila kupajaza. Kila Dominika alipoweka kazi mpya mtandaoni, aliandika chini yake kwamba amejifunza kwa Stella wa Tarakea. Twiga wakaisha nyumbani mwake. Majirani wakacheka: nani atanunua kisigino?

Watu walinunua. Ronald, meneja wa hoteli moja mjini, akamwomba alete kazi zake zitundikwe ukumbini. Dominika alitaka iwepo moja itakayozizidi zote, na kila alipofumba macho alimwona bibi wa kwenye kigoda. Akamtengeneza upya kwa namna yake. Akamweka chini ya migomba, akamvika kitenge, na katika ule mkono uliokunjwa akampa jani la isale, lile ambalo Wachagga hulipeleka kwa mtu wakiomba msamaha. Moyoni aliona anampokea Stella wimbo, mmoja ameanzisha na mwingine anaitikia. Akamwalika aje, bila kumwambia atakachokiona.

Stella akaja. Walikumbatiana mlangoni kama ndugu, ingawa ndiyo kwanza waonane uso kwa uso. Dominika akamshika mkono, akampeleka moja kwa moja mbele ya ile picha. Stella akasogea karibu, akautazama ule mkono.

"Umempa jani," akasema.

"La isale, dada. Niliona kama ameshika kitu."

"Hakushika kitu. Alipigwa na kiharusi, mkono ukajikunja hivyo, ukakataa kunyooka. Hata kijiko hakuweza kukishika, nilikuwa namlisha mimi." Sauti yake haikupanda. "Huyu ni mama yangu, Dominika. Tumeshamzika."

"Mbona hukuniambia?"

"Mbona hukuniuliza?"

Dominika akamwita Ronald, akamsihi aitoe picha ukutani. Ronald akasema haiwezekani. Mgeni ameshailipia, kesho anaondoka nayo kwenda kwao Ujerumani.

"Mama hakuwahi kufika hata hapa Moshi," Stella akasema. Chai aliyoletewa hakuinywa. Alijifunga kitenge vizuri, akaondoka.

Dominika alingoja matusi mtandaoni, na angeyashukuru. Hayakuja. Badala yake picha za Stella zilianza kutoweka. Visigino vikaondoka, mgongo ukafuata, bibi naye akaondolewa, mpaka ukurasa ukabaki mtupu. Ujumbe wa Dominika haukujibiwa. Siku ya gulio akapanda mpaka Tarakea kuomba msamaha. Stella akamkaribisha kwa adabu zote, akamwandalia chai uani, akazungumzia mvua na mahindi, na kila Dominika alipofungua mdomo kuhusu picha, akamwongezea chai. Wembe na pasi havikuonekana popote. Dominika akarudi Kilema na maneno yake yote.

Aliendelea na kazi, maana mgongo haukumpa njia nyingine. Lakini kila alipokata gamba alijisikia anakata kwa macho ya mtu mwingine, na mtu huyo ameshayafumba.

Miezi ikapita. Ndipo msichana mmoja wa Shirimatunda, Loveness, alipoweka mtandaoni picha yake ya kwanza, akaandika: "Kwa mama Dominika wa Kilema, aliyenifungua macho siku ile hotelini." Alikuwa bibi ameketi kwenye kigoda. Katika mkono wake uliokunjika alishika kibuyu.

Dominika akamwandikia: "Mwanangu, mtoe huyo. Ni mama wa mtu."

Jibu likaja upesi. "Shikamoo mama. Kumbe ni mama yako? Samahani, sikujua kabisa."

Akaanza kueleza, akafuta. Akaanza tena, akafuta.

"Marahaba," akaandika, akatuma hilo tu.