Sikudhani Amchunguza Zaveru

Ukoo wa kina Shomari pale Kisarawe ukitaka kumjua mtu, haupigi ramli, unamtuma Sikudhani. Mchumba akileta posa, yeye hujitwisha fenesi moja, akaenda mtaani kwa kina bwana harusi, akalipasua barazani kwa jirani. Hakuna jirani anayekula fenesi la bure akafunga mdomo. Ndivyo alivyomjua yule kijana wa suti aliyemwacha mama yake alale jikoni na kuku. Posa ilirudi ilikotoka.

Kwa hiyo Kudra alipojifungua mtoto wa kiume kule Sofu, na habari ikaja kwamba anataka aitwe Zaveru, Sikudhani aliweka kisu chini akapiga simu.

"Zaveru wa kwa nani?"

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Wa kwa nani?"

Kudra ni binti wa kaka yake marehemu, na amemlea mwenyewe tangu hajaota meno ya pili. Upande wa mumewe, Mudathir, walisema wao watampa jina mtoto wa pili. Huyu wa kwanza ni wa kina Shomari. Na kwa kina Shomari jina hutamkwa na shangazi, siku ya kumnyoa mtoto. Lisipotoka kinywani mwake, halijatoka.

"Yumo kwenye simulizi, shangazi. Ile ya kundi la Wasapu, niliyokuwa nasoma wakati daktari kaniambia nilale tu. Mwanamfalme. Anajua kupenda huyo, acha."

"Nitumie. Nimchunguze."

"Shangazi, ni hadithi tu."

"Hadithi tu, na unaipeleka kwenye cheti cha kuzaliwa. Nitumie."

Akaingizwa kundini. Alisomea pale pale kwenye meza yake ya mafenesi karibu na stendi, vidole vimepakwa mafuta ili utomvu usigande kwenye kioo cha simu. Aliishia darasa la saba, lakini kusoma hakumshindi. Alisoma kama anavyochunguza wachumba: mama yake nani, majirani wanamsemaje, anawatendaje wasio na nguvu.

Hao wasio na nguvu ndio waliomchafua roho. Zaveru ana macho kama kaa la moto, sawa. Ana farasi mweusi, sawa. Kijakazi aliyechelewesha maji alimkata ulimi akawatupia mbwa. Mwalimu aliyemfundisha kusoma alimtoboa macho. Kisha akaenda kwenye ziwa la mashetani kuomba upanga usimpate, nao wakamtaka atoe kitu cha damu yake. Akambeba mdogo wake, mtoto wa kutambaa, akaingia naye majini. Mtoto akawa anacheka, anapigapiga maji. Alidhani anaogeshwa.

Sikudhani akatema mate pembeni ya meza. Mteja aliyekuwa ananyoosha mkono achukue kipande akaurudisha.

"Fenesi limeoza, mama?"

"Fenesi zima. Kilichooza ni hiki," akamwonyesha simu.

Tena waliomkera zaidi ni wanawake wa kundini. Chini ya sehemu ile ile ya ziwa walimwaga makopa mekundu: mume wangu huyo, jamani anaumia, hajapendwa tu. Sikudhani akawatumia sauti: "Kama ni mume wenu, mpelekeeni watoto wenu awaogeshe." Kiongozi wa kundi akamtoa hapo hapo. Sehemu zilizobaki ilibidi Kudra amrushie.

Alizisoma zote. Kuna mahali Zaveru, bado mdogo, anapigwa na baba yake kwa kuni ya moto, na Sikudhani akajikuta machozi yamedondokea fenesi. Alijichukia, kama mtu aliyegundua kajifuta uso kwa tambara la kudekia. Mwandishi gani huyu, anakutia mchanga jichoni halafu anakwambia unalia kwa huruma.

Siku ya kunyoa alifika Sofu mapema. Jirani yake Kudra, Mwanaamina, alikuwa uani anakaanga vitunguu.

"Shangazi, nasikia umemsoma Zaveru. Umempendaje?"

"Kama panya kwenye mtungi wa maji."

"Haya majina ya babu nayo yananuka ugoro."

"Bora ugoro. Unapiga chafya, unaisha."

Kudra akatoka ndani na mtoto, ametoka kumwogesha, uso ameukaza. Akakaa mkekani.

"Shangazi, kutamka ni kwako, ila mtoto ni wangu. Miezi ile Mudathir yuko kazini, wewe uko Kisarawe, mimi nimelala natazama dari. Aliyekuwa nami ni huyo. Usimtukane."

Neno hilo lilimchoma, maana msimu wa mafenesi ndio uliomzuia, naye hakuwa amekuja. Hakujitetea. Akafungua simu pale penye ziwa, akampa.

"Simtukani. Msomee mwenye jina, kwa sauti. Ukifika mwisho nitamtamka Zaveru, na hamtasikia neno langu tena."

"Nilishapasoma."

"Ulisoma yuko tumboni. Soma sasa."

Kudra akaanza kwa sauti ya ubishi. Akausoma mwezi, akausoma upanga, akawasoma mashetani. Mtoto pajani alikuwa bado na unyevu nyuma ya masikio. Ilipofika kupigapiga maji, sauti ikashuka. "Akadhani ana..." Kiganja chake kilikuwa kimeshamfunika mtoto sikio. Vitunguu vya Mwanaamina vikaungua.

"Malizia," Sikudhani akasema.

"Iondoe hiyo simu." Kisha, taratibu: "Mbona sikupaona hapa?"

"Ulikuwa unatazama macho yake ya kaa la moto."

Akampokea mtoto. "Babu yako Shomari alikuwa mchoyo wa chumvi, na kwa mkorosho mmoja angekununia mwaka mzima. Lakini watoto wa watu walilala kwake wakaamka." Akamtazama Kudra. Kudra akaitikia kwa kichwa.

"Shomari," Sikudhani akatamka, na nywele za kwanza zikadondoka kwenye sahani.

Baadaye, wakila wali, Kudra akauliza chinichini, "Shangazi, mwisho walimfanya nini?"

"Nani?"

"Yule."

"Walimtawaza. Akaoa, wakapiga vigelegele. Hakuna aliyeuliza habari za yule mtoto." Akasogeza sahani kando. "Nipe ndimu, mwanangu. Bado ninayo ladha yake mdomoni."