Mtabiri wa Tuzo Redioni Kamembe

Mwaka jana redio moja ya hapa Kamembe, mpakani mwa Rwanda na Kongo, ilinialika kutabiri filamu zitakazoteuliwa kwa tuzo kubwa za ng'ambo. Mgeni mwenzangu alikuwa mwalimu wa sinema kutoka Kigali, mwenye skafu shingoni na sauti ya mahubiri. Alitaja filamu tano bila kusita, kisha akalalamika kwamba ile ya wanawake wabeba mizigo wa mpaka wetu itaachwa, kwa sababu majaji hawataki kuona watu weusi.

Nilimwuliza kama ameitazama.

"Nimeona kionjo chake," akajibu bila haya.

Simu za wasikilizaji zilipofunguliwa, akapiga mama mmoja anayebeba mizigo pale kwenye kivuko cha mpaka cha Rusizi ya Kwanza.

"Papa, mimi niko ndani ya ile filme," alisema. "Balionyesha mugongo yangu tu, sura bakaiacha. Wenye banasema mule ni baactrice, baigizaji ba Kigali. Na ile ya kuficha sura yetu, munaiita namna gani?"

Mwalimu alimshukuru kwa mchango wake, akarudi kwenye orodha.

Teuzi zilipotangazwa, alikuwa amepatia nne. Redio ikampa kipindi cha kila wiki. Sijawahi kukisikiliza.