Gego la Bibi Juu ya Bati

Enzi zetu kule Buguruni, jino la mtoto likitoka halikuwa takataka. Unasimama uani, unalirusha juu ya bati, unamwomba panya akuletee jipya, kisha unakwenda kucheza rede na pengo lako. Siku hizi jino la mtoto likilegea anapelekwa kliniki, anapigwa picha, anasifiwa ushujaa. Ushujaa gani? Sisi tulifungwa uzi mlangoni.

Bibi yangu, aliyehamia mjini kutoka Masasi, meno yake hakuyarusha. Kila lililong'oka aliliosha, akalifuta kwa kanga, akalitia kwenye kopo la kakao chini ya kitanda. Katekista alikuwa amewafundisha kwamba siku ya mwisho tutafufuka na miili yetu hii hii, na Bibi akaanza kujiandaa kama mtu mwenye safari. Alipenda korosho kupita kiasi, lakini miaka mingi alikuwa akishindia uji.

"Nifufuke kibogoyo?" alisema. "Ninywe uji tena, milele na milele? Mkinizika, kopo langu mniwekee kichwani."

Mimi imani yangu ilikuwa ya kusuasua. Niliwahi kumuuliza katekista, mtu akiliwa na mamba, kisha mamba akaliwa na watu, siku hiyo nani atachukua nyama ya nani? Nikapigishwa magoti mpaka mafundisho yakaisha. Lakini Bibi nilimhurumia. Nilimwona akimung'unya korosho moja asubuhi nzima, nikajiuliza kwa nini asubiri ufufuo wakati panya yupo. Nikachukua gego moja koponi, nikalirusha juu ya bati, nikamwombea jipya.

Jumapili Bibi alipofungua kopo akaona limepungua. Nikamweleza, nikitegemea shukrani. Akatazama bati, akanitazama mimi.

"Yaani wenzangu wanapaa mbinguni, mie nahangaika kupanda bati? Na magoti haya?"

Kisha akalia. Nami nikalia, maana nilijua nimemharibia mbingu yake. Baba akaegesha ngazi, akapanda, akateremka na kiganja kimejaa vijino vya utoto vya ukoo mzima. Gego la Bibi hakuliona. Tulipomzika, kopo tulimwekea kichwani kama alivyotaka, likiwa na upungufu wa jino moja.

Nyumba ile sasa ni yangu. Majirani wote wameezeka upya, mabati ya rangi, yanang'aa kama sahani za harusi. Wanangu wanaona aibu kuleta wenzao nyumbani. "Mama, badilisha bati bwana, linavuja!" Nawaambia wasogeze beseni. Wangejua nini hawa, ambao meno yao yalitupwa na daktari kwenye ndoo ya kliniki?

Imani yangu bado inasuasua, na lile swali la mamba sijajibiwa. Lakini ikiwa katekista alisema kweli, Bibi hawezi kwenda mbinguni bila kupitia kwangu kwanza. Nami nina hamu naye sana.